Jeti ya Isidori na Sabuni ya Kantilal

Isidori alipoingia dukani kwangu Kariakoo mara ya kwanza, hakununua kitu. Aliomba masizi ya taa. Alikuwa amechonga jeti ya vita kwa mbao, akataka kuipaka masizi ionekane imetoka vitani. Jirani yangu Kantilal akaichukua kupamba dirisha lake, naye akampa Isidori baraza la duka lake la kufanyia kazi.

Diwali ilipokaribia, Kantilal akasafisha duka zima, na jeti akaisugua kwa sabuni.

“Bwana, umeniulia kazi!” Isidori akafoka.

“Sikukuu hii, fundi, duka ling'ae halafu ndege iwe chafu?”

Upuuzi mtupu! Kazi ya miezi imwagwe na maji ya ndoo, naye angoje shukrani! Isidori akaichukua jeti yake, akahamia barazani kwangu. Wanaokuja kumtazama akiipaka upya hununua kwangu. Kantilal amebaki na dirisha safi, tupu.