Paa la Mama Chumvi

Kutu ina harufu yake, na ukiijua utotoni huisahau tena. Ni harufu ya senti iliyokaa muda mrefu katika kiganja chenye jasho. Juzi mvua ilipigapiga banda la kuku la jirani yangu, ambalo bati lake limeshakuwa jekundu, harufu hiyo ikanijia puani nikaacha kuchambua mchicha. Mjukuu wangu akaniuliza kama naumwa. Nikamwambia siumwi. Nilimdanganya, na si mara yangu ya kwanza kudanganya kwa sababu ya bati.

Nyumba yetu ilikuwa Likoni, upande wa Timbwani, karibu na bahari hata maji yakijaa tuliyasikia yakigonga mwamba tukiwa jikoni. Kuta zilikuwa za miti na udongo kama za wenzetu wote, lakini juu kulikuwa na mabati. Baba aliezeka mabati hayo kabla ya kwenda vitani, ili mama asihangaike kila baada ya miaka michache kutafuta watu wa kubadilisha makuti. Siku ya kuondoka alimwambia neno moja mbele ya dada yake, Shangazi Dama: "Nikirudi nilikute paa langu." Hakusema nikukute wewe. Tangu hapo Shangazi alikuwa akija kwetu, haketi kabla hajainua macho juu.

Fundi aliyepiga misumari, Fundi Rajabu, alikuwa amemuusia mama vizuri. "Wallahi mama, bati na bahari havipatani. Upepo huu waleta chumvi, na chumvi ikilala juu ya bati hulila. Lioshe kila wiki kwa maji matamu, ya kisimani. Na huku chini ya upenu usikusahau, mvua haifiki."

Mama aliushika usia huo kuliko amri za kanisani. Kila Jumamosi alifunga leso kiunoni, akapanda ngazi na ufagio wa chelewa, akaanza kusugua. Vichwa vya misumari alivipaka mafuta ya nazi kwa kidole, kimoja kimoja. Majirani walisimama njiani kumtania. "Mama Kadzo, leo nyumba yaoga? Utaivisha na kanzu?" Mama aliwajibu huko huko juu kwamba anayeshangaa na aje amshikie ngazi.

Kadzo ni mimi. Nilikuwa na miaka minane, na maji ya paa ilikuwa kazi yangu: madebe manne kila Jumamosi, kichwani, kutoka kisima kilichokuwa ng'ambo ya shamba la minazi. Maji ya kunywa na kupikia mama aliyateka mwenyewe alfajiri. Haya ya paa aliniachia mimi, kwa sababu aliniamini.

Siku moja nilijikwaa kwenye mzizi wa mnazi nikiwa na debe la mwisho, karibu kabisa na nyumbani. Maji yote yakaenda. Nilisimama nikilitazama debe tupu, kisha nikatazama chini. Bahari ilikuwa hatua ishirini tu kutoka pale, imejaa pomoni, na kule kisimani niliacha foleni ya wanawake wakigombana. Nikajiambia maji ni maji. Nikashuka, nikajaza, nikampelekea mama. Aliyamwaga juu ya bati, yakateremka yaking'aa kama yale mengine.

Jumamosi iliyofuata yalikuwa madebe mawili. Mwezi ulipoisha yalikuwa yote manne. Nawaambia jinsi nilivyokuwa mwerevu: nilijificha nyuma ya kichaka cha mkadi, nikacheza na kaa, nikakadiria muda wa kwenda kisimani na kurudi, ndipo nikateka. Nilitunga hata habari za foleni, nani kamsukuma nani, nani kavunja mtungi wa nani. Mama alinihurumia. Alinifutia jasho, ambalo nusu yake lilikuwa maji ya bahari, akaniwekea kipande cha mkate wa mofa.

Je, nilijua? Nimejiuliza swali hilo maisha yangu yote. Fundi alisema mbele yangu, maji matamu. Nilijua kama mtoto anavyojua jambo asilotaka kulijua.

Mwaka wa pili madoa ya kutu yakaanza. Kwanza penye misumari, halafu chini ya upenu. Mama alipoyaona alishika kifua. Unadhani alifanya nini? Aliongeza kuosha. Ikawa Jumamosi na Jumatano, madebe manane kwa wiki, na yote manane nikayateka baharini. Jinsi bati lilivyoiva ndivyo alivyosugua, na jinsi alivyosugua ndivyo lilivyoiva. Mikono yake ilichubuka. Aliomba kanisani, kwa sauti, kuhusu paa. Na mimi nilikuwa nimeketi kando yake nikisema amina.

Mabati mengine yasingepatikana. Vita vilikuwa vimemeza kila chuma, maduka yalikuwa matupu.

Baba alirudi mwanzo wa masika, mwembamba, na sanduku la bati begani. Shangazi Dama alipika pilau, majirani wakajaa. Tulikuwa tunakula mvua ilipoanza. Tone moja likaanguka kwenye sinia. La pili likampiga baba mkononi. Alitoka nje, sote tukamfuata, akainua mkono hadi kwenye upenu, akalibonyeza bati kwa kidole gumba.

Kidole kikapenya. Tulikiona kikitokea upande wa pili.

Halafu Shangazi akapiga makofi. "Mwaona? Ndugu yangu kapigana na Wajapani karudi mzima. Mkewe kashindwa na bati!"

Mama alikuwa mweupe midomo. Alisogea, akamega kipande pale kidole kilipopita, akakitazama, kisha akakipeleka ulimini. Akakilamba. Nikaona koo lake likimeza. Akageuka polepole, akanitazama mimi peke yangu katika watu wote wale.

Nilikojoa pale pale niliposimama. Mvua ilinisitiri.

"Ni mimi, Baba Kadzo," mama akasema. "Kisima ki mbali. Nilikuwa nikitumia maji ya pwani."

"Maji ya chumvi?" baba akauliza, kama mtu asiyesikia vizuri. "Juu ya bati?"

"Naam."

Nilifungua mdomo. Naapa niliufungua. Lakini Shangazi alishacheka, akasema, "Haya basi, Mama Chumvi!" na jina likaingia Likoni kabla ya mvua kukatika.

Masika yote baba alikula kwa dada yake. Makuti yakarudi juu ya nyumba yetu. Nilingoja fimbo, haikuja. Jumamosi iliyofuata mama alichukua debe moja, akanipa lingine, akasema, "Twende kisimani." Tukaenda, tukarudi. Hakuligusia tena jambo lile hadi anakufa.

Miaka mingi niliamini alikuwa ameniokoa na kipigo. Nilipozaa wa kwangu ndipo nilipofahamu. Kipigo kingeisha siku ileile. Jina ndilo lisiloisha, na mmoja wetu ilikuwa lazima alibebe, naye aliona mimi bado mdogo. Kila alipoitwa Mama Chumvi, sokoni, kivukoni, mlangoni mwa kanisa, aliitika "Abee" kwa sauti yake ile ya upole, nami mara nyingi nilikuwa kando yake nimemshika leso.

Siku ya maziko yake wanawake walikisimulia tena kisa cha paa, wakacheka huku wakilia. Nilisimama kusema kwa niaba ya watoto. Nilikuwa nimejiandaa kusema kweli. Nikawashukuru kwa kuja, nikaketi.

Baba alikufa akiamini. Shangazi alikufa akiamini. Mmebaki ninyi. Mkinikuta njiani niiteni Mama Chumvi, nami nitaitika.