Siku Mjomba Alipokosa Dua

Chuo kikuu kilipofungwa tena, nilirudi kwetu Kiwanjani na sanduku la vitabu ambalo mama alilisukuma chini ya kitanda kana kwamba limejaa bangi. Nilikuwa mwaka wa tatu. Sikuweza kutulia. Asubuhi natembea hadi soko la mifugo, mchana narudi, jioni nagombana na yeyote aliye tayari: kwa nini lami inaishia hapa kwetu, kwa nini sisi tu ndio tunaulizwa vitambulisho kwenye kizuizi cha polisi.

Mji ulikuwa na habari moja. Kiti cha jaji kilikuwa wazi katika Mahakama Kuu, na jina la mjomba wangu, kaka ya mama, lilikuwa linatajwa. Alikuwa hakimu katika mji mmoja wa nyanda za juu, na kwetu hakuna mtu aliyewahi kukaribia cheo kile. Majirani zetu wa milimani nao walikuwa na mtu wao. Kila upande ulikuwa unaandaa ujumbe wa wazee wa kwenda Nairobi kwa Rais kumwombea mtu wake kiti hicho. Mbunge wetu, ambaye uchaguzi ulikuwa unamkaribia, alikodi basi. Kazi ya kuandika risala nikapewa mimi.

Niliandika kurasa mbili upesi, kisha nikakwama kwenye sentensi ambayo mbunge alitaka iwemo: kwamba mjomba hajawahi kupindisha haki.

Mwenzangu niliyeishi naye chumba kimoja chuoni, mtoto wa wafugaji wa Biliqo, alikuwa gerezani. Alikamatwa njiani akirudi nyumbani, na karatasi moja ya kupinga serikali kwenye begi lake. Miaka mitatu. Aliyemhukumu ni mjomba.

Mjomba alipokuja nyumbani nilimuuliza, wala hakuficha. Alisema alipigiwa simu kutoka Nairobi kabla ya kesi kuanza, akaambiwa amfunge.

"Ningekataa, faili ingepewa mwingine na mimi ningehamishwa," alisema. "Wacha nifike juu. Huko juu mtu anaweza kukataa."

Nilimuuliza kama anamjua mtu aliyewahi kukataa baada ya kuzoea kukubali. Alicheka, akasema naongea kama mtu ambaye bado analishwa na mama yake. Ilikuwa kweli.

Kwetu mtu haendi kutafuta jambo kubwa bila dua ya wazee, na dua haifanywi juu ya kinyongo. Mzee anayeongoza huuliza mara tatu kama kuna mwenye neno dhidi ya anayeombewa. Likiwepo, hutolewa na kumalizwa kwanza, kwa sababu baraka ikiwekwa juu ya kinyongo hugeuka laana. Vijana ambao hawajaoa hawasemi kitu pale. Hukaa nyuma, karibu na wanawake.

Asubuhi ya dua, basi likiwa tayari nje ya ua, alifika mama wa mwenzangu. Alikuwa amesafiri siku mbili juu ya lori la mbuzi, na kibuyu cha maziwa ya ngamia mapajani. Nilidhani amekuja kulaumu. Kumbe alisikia kwamba mtu wetu anakuwa jaji mkubwa, akaja kumbariki ili akishapata kiti amtoe mwanawe. Kesi ilisikilizwa mbali, kwa Kiingereza, naye hakuwahi kufika. Hakujua hakimu alikuwa nani.

Mzee akauliza mara ya kwanza. Kimya. Mjomba, ambaye alikuwa ameshaambiwa yule mama ni nani, aliangalia saa yake. Mara ya pili, kimya. Sikuruhusiwa kusema, lakini hakuna aliyenikataza kuinama. Nikamwinamia yule mama sikioni, nikamwambia kwa Kiborana ni nani aliyemfunga mwanawe.

Mara ya tatu alisimama, taratibu.

"Nilikuja na maziwa," alisema. "Sasa nauliza kwanza. Ni wewe ulimfunga mtoto wangu?"

"Ni sheria, mama," mjomba akasema.

"Sheria siijui. Nauliza kama ni wewe."

"Ni mimi."

"Alikuwa na kosa?"

Angejibu ndiyo, wengi pale wangemwamini na safari ingeendelea. Alinyamaza. Mpaka leo sijui kama ule ulikuwa uungwana au maneno yalimwishia tu.

Wazee walimsihi yule mama asamehe, mmoja akaahidi ndama. Alisema atasameheje, na mtoto bado yuko ndani. Mbunge alimtukana dereva, ambaye hakuwa amefanya lolote. Basi liliondoka adhuhuri bila dua, na wale wazee ambao neno lao lina uzito walibaki wamekaa. Kiti hakikwenda kwa mjomba, wala kwa mtu wa milimani.

Mama hakunisemesha hadi Ramadhani. Ndipo akaniuliza kama nilifanya vile kwa ajili ya mtoto wa yule mama, au nilitaka watu wajue kwamba nina akili. Nikatoka, nikaenda soko la mifugo.

Mwenzangu alimaliza kifungo chake chote. Nilimpokea stendi, amekonda, tukaingia hotelini kunywa chai. Nilimsimulia yote, na nadhani nilikuwa nangoja shukrani.

"Si alikuambia huko juu angeweza kukataa?" akasema. "Ungengoja kidogo."

"Wewe ungemwamini?"

"Mimi nilikuwa ndani," alisema. "Ukiwa ndani unaamini mtu yeyote."

Akamwita mhudumu, akaagiza chai nyingine.