Mtungi wa Kuzamia na Ile Amina Yangu

Mniambie kama nilikosa, maana mimi mwenyewe bado najiuliza. Nilikuta mtungi wa chuma wa wapiga mbizi kwenye nyasi nyuma ya kanisa letu hapa Umoja, umeshika kutu, shingoni una kipande cha kamba iliyokatika. Nikaubeba. Ndugu yangu huzamia baharini Mombasa, nikawaza nimtengenezee. Lakini chuma kikipasuka akiwa chini, je?

Jumapili mchungaji akamwombea aliyeiba kengele ya kanisa. Niliitikia amina kwa sauti kuwashinda wote. Kusema haki, kengele yenyewe sikuwahi kuiona. Mimi hufika imeshalia zamani.

Jumatatu nikaupeleka mtungi kwa Otieno, fundi wa kuchomelea jirani na kanisa.

"Ngoja tusikie kama bado uko sawa," akasema, akaugonga kwa nyundo. Ukalia vizuri ajabu. Akaugonga tena.

Mama Njeri, kiongozi wa akina mama kanisani, akaja mbio na Biblia, majirani nyuma yake. "Nimesikia kengele, kuna ibada gani leo?"

Akautazama mtungi. Kisha akanitazama mimi.

"Kumbe ni wewe, baba wa amina!"