Terminal au programu ya kubonyeza? Kwenye interview ya database Bukoba, Kato ndiye aliyeniamulia

Wakuu, hamjambo humu ndani? Mimi ni msomaji wa kimya wa siku nyingi. Hili limenitokea mwenyewe na sijalitia chumvi.

Nina degree ya IT. Tangu nihitimu niko nyumbani Izimbya, napalilia migomba na kutuma maombi.

Juzijuzi nikaitwa interview Bukoba mjini, kwenye mradi unaoandikisha watoto wa chanjo Muleba.

Wiki nzima niliwaza jambo moja. Nitumie terminal, ile skrini nyeusi ya kuandika command, au programu yenye jedwali la kubonyeza?

Terminal nitaonekana mjuzi. Je, nikikosea herufi? Jedwali ni rahisi. Je, wakisema huyu anajua kubonyeza tu?

Ndivyo nilivyo, wakuu. Hata chai huwa naiwazia mpaka inapoa.

Swali lilikuwa fupi. Tulipewa nakala ya database, tufute watoto walioandikishwa mara mbili: jina la baba, tarehe ya kuzaliwa na simu ya mzazi vikifanana, bakiza mmoja.

Nikachagua terminal. Command ikakamilika, kidole kikagoma kubonyeza Enter.

Wenzangu wakamaliza, wakatoka. Mimi nikafungua ile programu ya jedwali, niwaone kwanza hao ninaowafuta.

Ishengoma. Chini yake Kato.

Mbele kidogo Nyangoma. Chini yake Nyakato.

Kwa wasio wa Kagera: kwetu Wahaya hayo ni majina ya mapacha.

Msimamizi, Mama Zainabu, mtu mzima wa hapo mjini, akaja nyuma yangu.

"Waitu kijana, umekwama? Wenzako wako nje wanakunywa soda."

"Sijakwama mama. Naogopa."

"Msomi mzima unaogopa kompyuta?"

"Namwogopa Kato, mama. Nikibonyeza hapa, itakuwa kama hajazaliwa."

Akacheka. Akainama kusoma skrini, kicheko kikakatika. Akamwita mwenzake aliyetunga kile kigezo cha kufuta, mgeni wa mkoa wetu.

"Njoo uone. Kumbe tumekuwa tukifuta mapacha wa watu!"

Nikarudi kwenye terminal, nikaongeza jina la kwanza kwenye kigezo, nikabonyeza.

Kazi nimepata. Jukumu langu la kwanza ni kuwatafuta mapacha waliokwisha kufutwa.

Terminal inanipa kila Kato aliyebaki peke yake. Mapacha wenye majina mengine haiwajui, kwa hiyo napanda boda hadi zahanati kulinganisha kadi. Kule Ngenge mama mmoja aliniuliza kwa nini meseji za chanjo humtaja mtoto mmoja, na yeye ana wawili. Nikatoa daftari, nikaandika majina ya wote wawili.

Nilichojifunza: terminal bado naipenda, ila siku hizi siandiki command ya kufuta kabla sijawatazama watu wenyewe kwenye jedwali.

Wazoefu, ninyi mnaanzia wapi? Nipingeni tu.

Na kama una ndugu mwenye mapacha Muleba, mwambie akienda kliniki abebe kadi zote mbili.