Kichwa cha Haji na ndimu za msimamizi

Leo wamekisugua kichwa cha rafiki yangu kwa ndimu na majivu, kama sufuria ya pilau.

Nieleze taratibu, maana wapo wasioijua kazi hii.

Marehemu Haji alikuwa mchonga milango hapa Mji Mkongwe. Mwenzake Abeid, mchonga sanamu, alimtengenezea kichwa cha shaba. Kisha akakipaka dawa na kukipitisha motoni, mara nyingi, hadi kikapata weusi wa uso wa Haji mwenyewe.

Weusi ule ndio uliokuwa kazi.

Asubuhi, kabla ya uzinduzi, msimamizi wa ukumbi akauona weusi huo, akauita uchafu. Akaamuru usuguliwe, kama tunavyosugua misumari ya shaba ya milango yetu Idi ikikaribia.

Ana shahada mbili, bwana huyu.

Kitambaa kikavutwa. Kichwa kinameremeta kama sinia.

"Mashaallah, kinang'aa!" akasema mgeni rasmi. Ukumbi mzima ukapiga makofi.

Abeid alikigusa shavuni, akakitazama kidole chake.

"Mzee wangu, si kimependeza?" msimamizi akamuuliza.

"Kimependeza sana. Kipigilie mlangoni."

Na bwana yule akacheka, akidhani ni mzaha!

Bi Zuwena, mjane wa Haji, alikuwa amesimama mbele ya kichwa kile kile. Akamgeukia msimamizi kwa upole:

"Mwanangu, nshachoka miguu. Haji wangu mtamfunua saa ngapi?"

Hapo kicheko kikamkauka. Nyinyi mngemjibu nini?