Kufunga Tandiko la Mandasi

Asubuhi, Dzaleka, kambi ya wakimbizi Malawi. Mi sikutoka kambini juu ya kutembea-tembea. Nilitoka juu ndugu yangu mukubwa, yaya Bahati, alinipigia simu na sauti ya mutu anafukuzwa. Anachunga bafarasi fasi moja nje ya Lilongwe, kule bantu banalipa wapande. Farasi jike moja banaita Mandasi, juu iko mviringo kama mandasi, yale maandazi ya sokoni. Tandiko, kile kiti cha ngozi, kilimugeukia mpaka tumboni, mugeni akaanguka. Njo Madam, mwenye farasi, akasema: Jumamosi nitapanda mi mwenyewe; likigeuka tena, Bahati aende.

Mi niko na Bahati tu hapa duniani. Mutu akimugusa, amenigusa. Nikafunga mashini ya kushona, nikabeba sindano za ngozi, mpira ya kushonea sandale, na sponji mupya ya kulalia ya kumupa, juu alisema siku hizi analala chini.

Njiani kwenda lami nilipanda kabaza, baiskeli ya kubeba bantu. Mwenye baiskeli akaweka sponji nyuma, saki yangu, gunia ya vyombo, juu yake, akakaza kamba. Kufika mteremko, mzigo ukazunguka wote upande moja, karibu tuingie mufereji. Nilimutukana kwa Kiswahili, nikamalizia na Chichewa.

“Achemwali, dada yangu,” akasema polepole, “matusi haifungi mzigo.”

Akatoa sponji, akanipa niishike, akalaza saki juu ya chuma tupu. “Kitu laini chini, mzigo unazunguka.” Haikugeuka tena. Mpaka lami nilikuwa nageuka kuangalia ile saki.

Lilongwe, mchana. Nilishuka basi karibu na Kawale, nikatembea na sponji kichwani mpaka nje ya mji, kwa bafarasi. Bahati alikuwa anamutandika Mandasi: blanketi, blanketi ingine, kisha kipande nene cha sponji.

“Yaya, hii ulitoa wapi?”

“Ni ya kitanda yangu. Niliikata. Isimuumize mugongo.”

Kumbe njo maana analala chini. Nilitaka kulia, nikakasirika badala yake. Nikashika mukaba ya tumbo, ule mukanda wa kufunga tandiko, nikavuta na nguvu yote. Mandasi akalaza masikio, akajaza tumbo hewa. Alipopumua, mukaba ikalegea, tandiko likazunguka kama ile saki.

“We unapigana naye,” Bahati akasema. “Yeye njo atashinda. Iko na kilo kukupita.”

Hapo nikamukumbuka mutu wa kabaza. Tukatoa sponji, tukatoa blanketi moja. Mugongo ya Mandasi haina ule mfupa wa mabega wa kuzuia tandiko. Ukiongeza laini, unamuongezea mviringo. Tukabakiza blanketi moja nyembamba, juu yake mpira yangu, isiguse ngozi yake. Nikashona mukaba ya kifua kutoka ngozi ya zamani. Bahati akakaza ya tumbo tundu moja, akamutembeza, akakaza tundu ingine. Mandasi hakujaza hewa.

Jumamosi, kiwanjani. Niliweka sanduku ya kupandia, mutu asivute tandiko upande moja. Madam akaisukuma na mguu.

“Mugeni hatembei na sanduku,” akasema.

Ulimi ikanipata moto. Bahati akanikanyaga kidole cha mguu, akaniangalia usoni. Nikaivuta sanduku pembeni.

Madam akatia mguu mumoja kwa chuma ya kupandia, akaning'inia na uzito yote upande ule. Tandiko likasogea upana wa kidole. Bahati akafunga macho. Likasimama.

Akazunguka kiwanja, akakimbiza, akageuza ghafla kulia, na kushoto. Mi sikuangalia Madam, nilikuwa naangalia mukaba tu. Aliposhuka, akaingiza mkono chini ya blanketi, akapapasa.

“Chabwino, sawa,” akasema. “Bahati, kesho saa ile ile. Na ile sanduku mubakize hapa.”

Kurudi. Mi nilizoea kitu kikiteleza unakaza, mutu akikataa unapaza sauti. Kwa Mandasi niliona kukaza haraka inamufundisha kukataa, na vitu vingine vinashika vizuri ukivipunguza.

Kabla ya kuondoka nilitandika sponji mupya kwa chumba cha Bahati.

“Iko laini,” akasema, anaipapasa. “Mandasi angefurahi na hii—”

“Yaya. Lala.”

Akacheka, lakini akalala. Nilibaki mulangoni mpaka nikaamini hataikata.