Nishikie Jaketi

Mjukuu wangu anacheza ule mpira wa Waaustralia, na mpira wenyewe umechongoka kama papai. Wikendi moja timu yake ya hapa Louisville ilicheza Jumamosi na watu wa Columbus, Jumapili na watu wa Buffalo. Kila akiingia uwanjani alinitupia jaketi lake. "Bibi, nishikie. Usiliweke kwenye matope!"

Jumapili hiyo lilinukia jasho na majani mabichi, nikawa mtoto tena.

Kaka yangu alikuwa na mpira wa majani makavu ya migomba. Ukilowa mvua unarefuka, unakuwa papai vilevile. Tukitoka kanisani ananipa shati lake jeupe, anacheza kifua wazi, maana likichafuka mama atatuchapa sote. Siku ile lori lilisimama kando ya uwanja, wanajeshi wakawaita wavulana wakubwa, eti kuna mkutano. Kaka akapanda nao, akanipigia kelele, "Usiliweke chini, we mtoto, narudi kulichukua!" Wote waliopanda nawajua kwa majina mpaka leo. Nilisimama na lile shati mpaka mama akaja kunitafuta.

Honi ya mwisho ilipolia, Buffalo walikuwa wameshinda. Mjukuu wangu akaja anachechemea, anacheka.

"Bibi, lete jaketi, nasikia baridi." Akaligeuzageuza. "Mbona umelikunja hivi, kama nguo ya kanisani?"

Nikamwambia, "Livae basi, nikuone."